Ile ya Kuongozea Tu

Sheffield, 9 Aprili 1973

Clive,

Salamu sina, kwa hiyo naanza. Nimetoka hospitali juzi. Dokta amekwangua kile kitu kilichoota kooni na amenifunga mdomo kwa wiki saba, hadi Jumatano ya tarehe ishirini na tatu Mei. Si kuimba tu, hata kunong'ona ni marufuku. Dada yako Doreen amenichimbulia kibao chake cha shule na chaki, ndicho ninachozungumzia. Jana nilitaka kumwambia viazi vinaungua. Mpaka namaliza kuandika "viazi" jiko zima limejaa moshi. Akacheka. Mimi nikachukua mfuniko wa sufuria nikaupiga ukutani, maana siku hizi hasira zangu nazisemea kwenye vyombo.

Wewe hukuja hospitali. Zabibu ulizotuma zilifika, sikuweza kuzimeza, asante kwa kufikiria. Wilf alikuja. Alibadilisha treni mara tatu kutoka huko Wales, akakaa saa nzima pembeni ya kitanda changu akinisimulia mpira, kisha akarudi kwenye ngoma zake. Mpiga ngoma amejua njia, mpiga gitaa hakuijua.

Sasa sikiliza. Nyimbo saba za albamu nimeshaziimba zote. Wa nane ni "Nyundo ya Mzee", na unajua huo ni wa nani. Niliuandika wiki tuliyomzika baba, nikauimba mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iliyonitoa damu. Kwenye karatasi ya tepu, inayoonyesha kila njia imebeba sauti ya nani, njia ya kumi na moja wewe mwenyewe umeandika "sauti ya kuongozea". Miaka tisa unanidanganya hivyo hivyo: "Hii ya kuongozea tu, Stan, imba hovyo, ya kweli tutarekodi baadaye." Wewe unajua na mimi najua kwamba nikiambiwa hii ndiyo yenyewe, nakauka. Kwa hiyo ya kuongozea ndiyo yenyewe, siku zote, na ni sisi wawili tu tunaojua. Usiiguse.

Na yale uliyonifokea mbele ya watu kuhusu kile kibanda cha kuimbia sijayasahau. Mimi si kuku. Siimbi ndani ya kabati.

Stan


Cwm Bedw, Wales, 13 Aprili

Stan,

Kwa mtu aliyefungwa mdomo una maneno mengi.

Sikuja kwa sababu ni lazima mmoja wetu afanye kazi. Kampuni inataka santuri mwisho wa Juni. Mimi nipo huku kwenye studio hii ya shambani na kondoo, mvua na Wilf, na katika hao watatu Wilf ndiye anayenitoa roho. Anauanza wimbo kwa mwendo mmoja na kuumaliza kwa mwendo mwingine, kama anawahi basi. Nikimwambia, ananijibu, "Nilikuwa namfuata Stan." Nikamuuliza, "Kwani Stan ndiye mpiga ngoma?" Akasema, "Stan ndiye wimbo," akaendelea kula mkate wake na mafuta ya nyama. Mtu kama huyo utamfanya nini?

Kuhusu kibanda, ningekufokea tena leo. Waimbaji wote duniani wanaimba kibandani, mlango umefungwa, hedifoni masikioni. Wewe ukaenda kusimama hatua moja kutoka kwa Wilf, masikio matupu, ukamwimbia usoni kama watu wanaogombana sokoni. Zile maikrofoni zinazoning'inia juu ya ngoma zimekunywa sauti yako. Emrys, fundi wetu, mtu mpole asiyejua hata kutukana, alishika kichwa kwa mikono miwili. Umezichafua ngoma zote kwa jeuri yako.

Najenga kitu kikubwa kwenye "Nyundo". Nimeshaweka magitaa sita, moja juu ya lingine, na ninalisikia la saba kichwani. Mtu akiweka santuri aone kiwanda kizima cha chuma kimeamka. Tatizo ni kwamba tepu ina njia kumi na sita tu na zote zimejaa.

Sasa niambie kweli, maana Doreen nilipompigia simu alizungukazunguka. Utaimba tena? Nataka kujua namjengea nani.

Clive


Sheffield, 16 Aprili

Clive,

Nitaimba. Dokta anasema koo limepona kuliko alivyotegemea na nitaimba bora kuliko mwanzo. Tarehe ishirini na tatu Mei nafunguliwa, ishirini na nne nipo Wales, na huo wimbo nitaupiga mpaka kondoo wakimbilie Ireland. Umeridhika?

Usiniulize tena. Na usimpigie dada yako simu kumpeleleza mume wake.

Magitaa saba ya nini? Baba alikuwa na nyundo moja.

Stan

Clive, naandika hapa chini kwa haraka, yeye yuko uani kwa njiwa wa marehemu baba yake. Njoo nyumbani, hata kwa siku moja. Kuna jambo haliandikiki. Doreen


Cwm Bedw, 25 Aprili

Shemeji mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, koo linatulia na dada yangu anakulisha. Huku kazi inakwenda salama. Pasaka tulipumzika Jumapili na Jumatatu, mke wa mwenye shamba akatuchinjia mwanakondoo, mmoja wa wale uliotaka kuwafukuzia Ireland.

"Nyundo" inazidi kupendeza. Nimepata pa kuliweka lile gitaa la saba na utafurahi ukilisikia. Wilf anapumzika kidogo nyumbani, alikuwa amechoka. Wewe usiwe na wasiwasi wowote, lala, kula, pona, ukija Mei tutafanya kila kitu upya na kwa utulivu.

Mwambie Doreen nashindwa kuja kwa sasa. Nimebanwa.

Wako daima,
Clive


Rotherham, 27 Aprili

Stan ndugu yangu,

Mimi si mwandishi, unajua, nitasema kama ninavyosema.

Kwanza, nimefukuzwa. Clive anasema nakimbiza nyimbo. Ameagiza mpiga ngoma kutoka London, anafika Alhamisi ijayo kupiga "Nyundo" upya, halafu zangu zifutwe. Nimerudi kuendesha gari la mikate. Naamka na ndege, sina neno, mikate hailalamiki mwendo.

Lakini hilo silo lililonikalisha kitako kuandika. Jumanne baada ya Pasaka nilikuwa pale studio nachemsha chai, bado sijafukuzwa. Clive anataka njia moja ya gitaa. Emrys anapitisha kidole kwenye karatasi, anafika ya kumi na moja, anauliza, "Hii sauti ya kuongozea, bado mnaihitaji?" Clive akanyamaza. Akanyamaza kweli, birika lilianza kupiga mluzi na yeye bado amenyamaza. Halafu akasema, "Futa. Atakuja kuimba ya kweli."

Nikadhani ni sawa, maana imeandikwa ya kuongozea. Lakini nilipoangalia uso wa Clive sikuupenda. Usiku ule ulioimba, Stan, nilikuwa mbele yako. Nilikuona. Kama ile ilikuwa ya kuongozea, mimi ni Malkia.

Sasa niambie, nimekosea kukuambia? Mke wangu anasema ningenyamaza.

Wilf Burgin


Sheffield, 28 Aprili

Clive Thackray,

"Shemeji mpendwa." Miaka tisa hujawahi kuniita mpendwa, hata siku nilipomwoa dada yako kanisani ulinisalimia kwa kidole. Nilipoliona neno hilo nikajua kuna kitu umekizika, na leo Wilf amenionyesha kaburi.

Umemwambia Emrys afute. Yule mtu wa watu hakujua, alisoma karatasi. Wewe ulijua. Mwandiko ni wako, uongo ni wako, ulitungwa na wewe kwa ajili yangu ili niimbe bila woga, na umeutumia uongo huo huo kunifuta. Kwa gitaa! La saba! Una masikio mawili, ulitaka kulisikilizia wapi?

Nimevunja kibao cha dada yako. Nimepiga meza mpaka jirani amebisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa, na nikashindwa hata kumwambia aende zake. Unajua hasira isiyo na sauti inafanyaje? Inarudi tumboni na kukaa.

Sasa nakupa na mimi kaburi langu, tuwe sawa. Siwezi kuimba. Dokta aliniambia tarehe sita Aprili, kabla sijakuandikia barua ya kwanza: "Kuongea utaongea, Bwana Oxspring, kwa mkwaruzo. Kuimba sahau." Alisema huku anafunga begi lake. Kwa hiyo hakuna "ataimba ya kweli". Ile ndiyo ilikuwa ya kweli na ya mwisho. Baba yangu alipiga nyundo miaka thelathini na nne akazikwa kiziwi, hakuwahi kusikia hata wimbo wangu mmoja, na ule mmoja niliomwimbia yeye umeufuta Jumanne moja wakati wa chai.

Usije kuniambia pole. Ukiniambia pole nitakuja huko kwa miguu.

Stan Oxspring


Cwm Bedw, 1 Mei

Stan,

Sikuambii pole.

Nimebandika ukutani barua yako ya tarehe kumi na sita. Naisoma: "Nitaimba bora kuliko mwanzo." Mwandiko ni wako! Nilikuuliza kwa maneno mepesi kabisa, utaimba tena, na ukanijibu na kunitukana juu yake. Unafikiri Emrys aliponiuliza nilinyamaza kwa nini? Nilikuwa naikumbuka barua hii. Nilijiambia, Stan ana kiburi lakini si mwongo, kasema ataimba, basi ataimba, na ukimkasirisha kwanza anaimba vizuri zaidi. Ndiyo, nilijua ile ya njia ya kumi na moja ni nini. Ndiyo, nilisema futa. Nilifuta kwa sababu nilikuamini wewe kuliko nilivyoyaamini masikio yangu.

Ungeniambia kweli ningeilinda ile tepu kwa meno. Ningelala nayo. Lakini hapana, bwana mkubwa hawezi kuonewa huruma, bora aandike ushujaa wake kwa wino mweusi na wengine wajenge juu yake. Sasa tumefika hapa, na unataka dhambi yote niibebe peke yangu. Siibebi. Nabeba nusu yangu, nayo ni nzito, sijala tangu jana asubuhi.

Kampuni imepiga simu. Wanasema niuimbe mimi. Sijawajibu. Nakuuliza wewe.

Clive


Sheffield, 3 Mei

Clive,

Barua yako Stan ameisoma, ameikunja, ameitupa motoni, kisha ameitoa na koleo imeungua nusu akaisoma tena. Halafu ameandika kwenye kipande cha kibao kilichobaki: ASIIMBE WIMBO WA BABA YANGU. ASINIANDIKIE. Nimefikisha.

Sasa yangu. Nilikuandikia uje nyumbani. Nilikuandikia kuna jambo haliandikiki. Mtu mzima mwenye akili angepanda treni. Wewe ukasema umebanwa. Umebanwa na nini, kondoo? Na huyu wangu aliniapisha nisimwambie mtu, nami nikakubali kama mjinga, nikawa nampikia supu na uongo chungu kimoja. Nina hasira na nyinyi wawili kiasi kwamba jana nimelala kwa mama.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, anadhani mnatengeneza muziki.

Doreen


Cwm Bedw, 4 Mei

Stan,

Umesema nisikuandikie. Choma na hii ukitaka, lakini soma kwanza.

Jana mpiga ngoma wa London alifika. Anaitwa Bwana Lionel Crome, mtu nadhifu, amekuja na mto wake mwenyewe wa kukalia. Mpango ulikuwa asikilize ngoma za Wilf peke yake mara moja, ajue wapi zinaingia na wapi zinatoka, kisha Emrys azifute naye apige zake. Akakaa juu ya mto wake, akavaa hedifoni, akafumba macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo na kikombe mkononi.

Ulipofika ubeti wa pili akazivua. Akasema, "Nani huyu?"

Nikamwambia, "Nani, nani?"

"Huyu jamaa aliye humu ndani. Kuna mtu analia humu ndani ya ngoma."

Nikamwambia ni takataka tu, mwimbaji wetu alikataa kuingia kibandani. Akaziweka hedifoni chini. Kisha akasema, "Bwana, nimepiga ngoma miaka kumi na tisa, na mimi sipigi juu ya huyu mtu." Akauchukua mto wake. Chai hakunywa, Stan. Emrys alimpeleka stesheni, akashukuru kupata sababu ya kutoka.

Nikabaki peke yangu. Nikayazima magitaa yote saba. Nikazima besi, nikazima kinanda, nikaacha zile maikrofoni mbili za juu ya ngoma za Wilf. Upo. Upo mbali, kama mtu aliye upande wa pili wa kiwanda anayempigia mwenzake kelele mashine zikiwa zinanguruma, lakini kila neno lipo. Lile la "nishike mkono usiposikia". Lipo. Na pale mwishoni Wilf anapokimbia, hakimbii. Wewe unakimbia, naye amekushika asikuache. Miezi miwili nimemtukana yule mtu kwa jambo nisilolisikia, kwa sababu nilikuwa nimelifunika na magitaa yangu.

Nilikaa sakafuni. Emrys aliporudi alinikuta hapo hapo, akakaa na yeye.

Hakuna namna ya kuitoa sauti yako mle ndani. Emrys amejaribu mchana kutwa. Mkiitaka sauti lazima mzichukue na ngoma, na ngoma lazima zibaki kama zilivyo. Mimi sijui nifanye nini na sina haki ya kuamua. Amua wewe.

Clive


Sheffield, 7 Mei

Clive,

Sikuichoma.

Bado nina hasira na wewe mpaka kalamu imetoboa karatasi, utaona. Usidhani kwa kuwa bahati imekuokoa na wewe umeokoka. Kilichobaki cha sauti yangu kimebaki kwa sababu nilikukatalia. Ningekutii siku ile, nikaingia kwenye kabati lako, leo nisingekuwa popote. Liweke hilo kichwani.

Masharti yangu ni haya na sirudii. Utakwenda Rotherham wewe mwenyewe, si kwa simu wala barua, umwombe Wilf arudi, umwombe mbele ya watu kama ulivyomfukuza mbele ya watu. Ngoma zake hazipunguzwi wala kunyooshwa. Halafu magitaa. Uliniambia huwezi kunisikia mpaka uyazime yote, si ndiyo? Basi yazime. Ukiweka hata nusu ya ule ukuta wako juu yangu, mimi napotea. Nataka ngoma, besi kidogo, na mimi huko huko mbali nilipo. Ukiona wimbo uko uchi, ujue na mimi mwaka huu wote nimekuwa uchi mbele ya madaktari, sikufa.

Na usiandike popote kwenye jalada kwamba niliugua. Hakuna atakayenihurumia kwa bei ya santuri.

Kibao cha dada yako nimemnunulia kingine. Amerudi kutoka kwa mama yenu.

Stan


Cwm Bedw, 14 Mei

Stan,

Nilimkuta Wilf nje ya duka la mikate saa nne asubuhi, foleni ya akina mama imefika kona. Nikasema, "Wilf, nimekuja kukuomba."

Akasema, "Shika hii kwanza," akanipa trei ya mikate. Nikashika. Akaweka ya pili juu yake. "Haya, omba."

Nikaomba na trei mbili mikononi. Nilisema yote, kwamba nilimtukana bure, kwamba sikuwa nasikia, kwamba ngoma zake zinabaki. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Sauti juu kidogo, mwanangu, huku nyuma hatupati." Nikarudia kwa sauti. Wilf akajifuta unga mikononi taratibu kama ana mwaka mzima, akasema, "Sawa. Lakini na wewe ulikuwa unaharakisha, hilo gitaa lako la tatu." Stan, nimelisikiliza. Ni kweli, lilikuwa linaharakisha.

Magitaa nimeyatoa. Nilianza na la saba, hilo halikuniuma, nilishalichukia. La sita na la tano niliyatoa siku moja. La kwanza lilinichukua siku mbili, maana ndilo nililolitunga nyumbani kwako hata kabla ya wimbo kuandikwa, baba yako akiwa amekaa karibu na mimi ameweka kiganja chake juu ya gitaa apate mtetemo. Nilitaka kukuomba niliache. Nikaweka, nikasikiliza, ukapotea. Nikalitoa.

Kwa hiyo kwenye wimbo bora kuliko zote tulizowahi kuzifanya mimi sipo kabisa. Nimekasirika sana, na sina wa kumkasirikia. Albamu imekamilika. Kampuni wameusikia wakasema umeharibika, mwimbaji yuko mbali mno. Nimewaambia ndivyo alivyo.

Clive


Sheffield, 19 Mei

Clive,

Tepu uliyotuma imefika. Tumeisikiliza kwa mpiga kinanda wa kanisa, ndiye mwenye mashine hapa mtaani. Doreen alilia. Mimi nilitoka nje kwa njiwa.

Kuhusu gitaa la kwanza na kiganja cha baba sikuwa najua. Ungeniambia, pengine ningesema uliache. Nafurahi hukuniambia.

Sasa hili. Jumatano ijayo dokta ananifungua mdomo. Wiki saba nimekuwa nikichagua neno la kwanza nitakalolitamka, na tangu tarehe ishirini na nane Aprili nimeshalipata. Ni lako. Ni neno moja, baba alilitumia siku koleo lilipomwangukia mguuni, na mbele ya wanawake halisemwi. Kwa heshima ya dada yako silitumi kwa posta. Njoo ulisikie kwa masikio yako. Safari hii usiniletee habari ya kubanwa. Mlete na Wilf, awe shahidi.

Doreen atapika nyama na maini. Saa saba mchana.

Stan


London, 11 Novemba 1996

Shemeji,

Jana kampuni waliniita. Wanataka kuitoa albamu upya, miaka ishirini na tatu imetimia, sijui kwa nini wasingengoja robo karne kama watu wengine. Wameniwekea mbele fundi mmoja kijana na kompyuta yake. Anasema sasa inawezekana kuitoa sauti ndani ya ngoma, kuisafisha na kuileta mbele, kila mtu amsikie mwimbaji vizuri. Kuna mwandishi ameandika kitabu kizima kwamba tulikurekodi ndani ya kiwanda kitupu, na mwingine anasema ulikuwa umesimama kwenye kisima. Huyu kijana anataka kuwasaidia wote.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia lile neno lako la tarehe ishirini na tatu Mei. Amefunga kompyuta.

Wilf angekuwa hai angecheka mpaka trei zimwanguke.

Clive


Sheffield, 14 Novemba 1996

Clive,

Natumaini ulilitamka kwa nguvu. Lile si neno la kunong'ona.

Mimi siku ile nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Mmekaa, nyama iko mezani, Wilf ameweka uma chini kwa heshima. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni upepo. Upepo mtupu, na mkwaruzo kidogo mwishoni. Doreen aliangalia sahani yake. Nilitaka ardhi inimeze.

Na wewe, bila hata kuinua uso, unakata maini yako, ukasema, "Hiyo ya kuongozea tu, Stan. Rudia."

Nilirudia na neno likatoka, lakini hasira zangu zote zilikuwa zimeshaishia pale pale, shetani mkubwa wewe, nami mpaka leo sijakusamehe kwa kuzimaliza.

Stan